Kosta yetu ilirudishwa njiani: je, polisi wanaweza kumzuia shabiki kusafiri?

*"Habari za kazi, wakili. Mimi ni katibu wa tawi la mashabiki hapa Mtwara mjini. Wiki tatu zilizopita timu yetu ilikuwa na mechi ya ugenini Ruangwa. Tulichanga Sh 15,000 kila mtu, tukakodi kosta mbili, tukaondoka saa moja asubuhi na tarumbeta na bendera zetu. Tulipokuwa tumeshaipita Mingoyo tukasimamishwa kwenye kizuizi kimoja. Askari akachungulia ndani, akaenda kuzungumza na wenzake, akarudi na kutuambia, 'Mashabiki leo hamwendi, geuzeni.' Hatukupewa karatasi wala sababu. Kosta yetu ya pili ilikuwa nyuma. Ikapita pale pale dakika 20 baadaye, watu wakaangalia mpira wakarudi salama. Mwanachama mmoja anasema Ulaya polisi huwazuia mashabiki wa ugenini kwa sheria, na hapa ni hivyo hivyo, bila kibali cha polisi huruhusiwi kwenda kwenye mechi. Mwingine anasema Katiba inaturuhusu kwenda popote, tulipaswa kugoma kugeuza. Nani yuko sahihi? Pesa zetu tunazidai kwa nani? Na mechi ijayo tufanyeje?"*

Ndugu katibu, pole wewe na wanachama wako. Kugeuza gari katikati ya safari, jezi mwilini na nauli imeshalipwa, kunaumiza. Kunaumiza zaidi pale mtu anapoachwa arudi nyumbani bila kuambiwa kosa lake.

Unachotaka kujua ni kama polisi wana mamlaka ya kumzuia mtu asisafiri kwa sababu tu ni shabiki. Nitakujibu, lakini kuna jambo umelitaja kwa kupita ambalo mimi nimelisoma mara tatu: kosta ya pili ilipita. Liweke hapo pembeni, tutalirudia.

Wanachama wako wote wawili wamekosea. Tuanze na wa kibali. Hakuna sheria Tanzania inayomtaka raia aombe ruhusa ya polisi ili apande gari kwenda kuangalia mpira, awe peke yake au na wenzake 30. Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kwenda kokote katika Jamhuri ya Muungano. Kinachochanganya watu ni Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, ambayo inadai taarifa ya saa 48 kwa anayeitisha mkutano au maandamano ya hadhara. Abiria waliokaa kwenye viti vyao barabarani hawaandamani. Ila mkishuka pale Ruangwa mjini, mkajipanga na tarumbeta mkatembea katikati ya barabara mpaka uwanjani, hapo mnakaribia sana kuitwa maandamano, na askari akiwauliza taarifa iko wapi hatakuwa amewaonea.

Sasa yule wa kugoma. Ibara hiyo hiyo ya 17, kifungu kidogo cha pili, inaruhusu uhuru huo uwekewe mipaka kwa mujibu wa sheria, pamoja na mipaka kwa ajili ya maslahi ya umma. Ibara ya 30 nayo inasema haki zetu hazitumiki kwa namna ya kuwaumiza wengine. Polisi wakiwa na habari za kweli kwamba mbele kuna kundi limebeba mawe linasubiri gari lenu, wana wajibu wa kuwasimamisha, na ningewalaumu wasingefanya hivyo. Isitoshe, kumzuia askari anayetekeleza kazi yake ni kosa la jinai. Mngegoma barabarani, kesi isingekuwa tena ya askari aliyewarudisha bila sababu. Ingekuwa yenu, na wa kwanza kuitwa kizimbani angekuwa wewe katibu.

Katikati ya wawili hao kuna kipimo ambacho mahakama zetu zimekwisha kukiweka. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Mahakama ya Rufani ilisema sheria inayobana haki ya msingi isiwe ya kumwachia mtu aamue anavyotaka, iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya, na isibane kuliko inavyohitajika kufikia lengo lake. Mimi hutumia kipimo hicho hata kwa amri inayotolewa kwenye kizuizi cha barabarani: imetoka kwa nani, kwa sababu gani, inamhusu nani, mpaka lini. Amri isiyoweza kujibu hata moja kati ya hayo ina tatizo, hata kama aliyeitoa ana nia njema.

Kuhusu Ulaya, mwanachama wako ameokota ukweli nusu. Ufaransa kweli wana sheria hiyo. Tangu Machi 2011, kanuni zao za michezo zinampa waziri wa mambo ya ndani, na pia kiongozi wa serikali katika kila mkoa, uwezo wa kuzuia msafara wa watu wanaojitambulisha kuwa mashabiki wa timu fulani au wanaojionyesha hivyo. Anayekaidi anaweza kufungwa miezi 6 na kupigwa faini ya euro 30,000. Lakini tazama jinsi amri yenyewe inavyokuwa: inaandikwa, inachapishwa, inataja tarehe, saa na mitaa, na inatoa sababu. Ikiwa na kasoro, shabiki anakimbilia mahakamani siku hiyo hiyo. Desemba 2023 waziri aliwapiga marufuku mashabiki wa Sevilla ya Hispania kwenda Lens, siku moja tu kabla ya mechi ya Ligi ya Mabingwa. Mashabiki wakafungua shauri, na tarehe 12, siku yenyewe ya mechi, baraza lao kuu la mashauri ya kiserikali likaisimamisha amri hiyo. Kwa hiyo hata kule kwenye sheria kali, neno la serikali linapimwa.

Uingereza wamekwenda njia nyingine, ambayo binafsi naiona ya haki zaidi. Chini ya sheria ya watazamaji wa mpira ya 1989, pamoja na nyongeza ya mwaka 2000, mahakama humfungia mtu mmoja mmoja aliyethibitika kuwa mkorofi, kwa miaka 3 hadi 10, na timu yake ikicheza nje ya nchi anaweza kuamriwa asalimishe pasipoti. Wengine 3,000 ambao hawakurusha hata chupa wanaendelea na safari yao. Kinachogharimu ni kazi: lazima umjue mkorofi kwa jina, uwe na ushahidi, umpeleke kwa hakimu. Kufungia basi zima ni rahisi zaidi, ndiyo maana serikali nyingi hukimbilia huko.

Na je, kuzuia kundi zima kunasaidia? Hapa nakuomba uvumilie, maana ndipo penye kiini cha swali lako, na ndipo viongozi wa matawi na askari wote wanapokosea.

Mwaka 2023 Napoli ya Italia ilicheza na Eintracht Frankfurt ya Ujerumani. Mamlaka ya mji wa Napoli ilikataza wakazi wa Frankfurt kuuziwa tiketi. Mashabiki mamia wakasafiri hivyo hivyo, bila tiketi, bila jukwaa la kuwapokea, wakatapakaa mjini, na Machi 15 pakazuka vurugu mitaani hadi gari la polisi likachomwa moto. Argentina walizuia mashabiki wa ugenini baada ya shabiki mmoja wa timu ya Lanús kuuawa mjini La Plata Juni 2013; hatua ile ya dharura ikadumu zaidi ya muongo mmoja. Na kuna mkasa wa Kanjuruhan, Indonesia, Oktoba 1, 2022. Mashabiki wa wageni, Persebaya, walikuwa wamezuiwa kabisa wasiende. Uwanjani walikuwemo wenyeji watupu. Timu yao ilipofungwa 3-2 baadhi yao wakaingia uwanjani, polisi wakapiga mabomu ya machozi mpaka majukwaani, watu wakakimbilia milango ambayo haikuwatosha. Walikufa 135. Hakukuwa na shabiki mgeni hata mmoja wa kupigana naye.

Nakupa mifano hiyo kwa sababu inaonyesha fujo za mpira zinavyozaliwa. Wanasaikolojia Clifford Stott na Stephen Reicher, waliochunguza makundi ya mashabiki kwa miaka mingi, wanaeleza kwamba katika kundi lolote wakorofi huwa wachache, na wengi huwaepuka. Askari akiwatendea wote kama wahalifu, yule mtu mpole anayeuza dukani Chikongola naye anahisi ameonewa, na ghafla anajikuta upande mmoja na mkorofi ambaye asubuhi alikuwa akimkemea. Kundi lililokuwa vipande vipande linakuwa moja. Kwenye fainali za Ulaya za 2004 nchini Ureno polisi walifuata fikra hizo katika miji mingi: askari wawili wawili wenye sare za kawaida wakizungumza na watu, vikosi vya kutuliza ghasia vikiwa pembeni visikoonekana. Mashindano yale yalipita kwa utulivu mkubwa, hata kwa Waingereza waliokuwa wakiogopwa.

Sihitaji kwenda Ureno kuliamini hilo. Niliwahi kusimama nje ya geti la uwanja wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara siku kosta ya wageni ilipochelewa. Kipindi cha kwanza kilikuwa kimeanza, dirisha la tiketi limefungwa, watu kama 30 wamebanana getini, jasho linawatoka, ndani kelele za goli. Askari kijana akaanza kupiga kelele, "Rudini wote!" Hakuna aliyerudi, waliokuwa nyuma walikuwa wakisukuma kwa sababu hawakusikia kinachosemwa mbele. Akaja askari mtu mzima, akauliza jambo moja: "Kiongozi wenu nani?" Akajitokeza mama mmoja mwenye daftari. Yule mzee akamwambia awaite kwa majina kumi kumi, yeye akawa anamgusa kila mmoja begani anapopita. Haikufika robo saa, geti likawa jeupe. Mpaka leo nikifikiria usalama wa uwanjani, nalifikiria daftari la mama yule.

Kwetu kusini kuna jambo jingine linaloifanya marufuku ya aina ya Napoli isiingie akilini. Kule mgeni anajulikana kwa anuani yake. Hapa je? Yanga au Simba wakienda kucheza na Namungo, timu ya Ruangwa, uwanja wa Majaliwa, wanaojaza jukwaa la wageni wametoka Ruangwa hapo hapo, Nachingwea, Masasi, Lindi mjini. Mgeni ni jirani, ni shemeji, ni mwalimu wa watoto. Msimu wa 2019/20, Ndanda ya Mtwara na Namungo walipokuwa wote Ligi Kuu, zilikuwepo nyumba Mtwara na Lindi ambazo baba na mwana walivaa jezi tofauti. Ukisema leo "mashabiki wa ugenini hawaingii," utamtambuaje? Utafungia rangi ya fulana, na fulana inavuliwa.

Turudi kwa kosta ya pili. Kama siku ile kungekuwa na amri ya kuzuia mashabiki wa timu yenu, nayo ingegeuzwa. Ilipita kizuizi kile kile, ikiwa na jezi zile zile. Kwa hiyo ama askari yule aliamua mwenyewe, ama kulikuwa na kitu ndani ya gari lenu la kwanza. Sijui lipi, wala sitaki kumhukumu mtu ambaye sijamsikia. Ila kwa safari kama yenu mimi huanza kwa kuangalia gari. Gari la abiria la biashara hupewa leseni ya Latra, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kwa njia fulani. Likikodiwa nje ya njia yake linahitaji kibali cha safari hiyo. Kosta inayofanya ruti za hapa mjini, ikikutwa barabara ya Masasi bila kibali, askari ana haki ya kuisimamisha hata ikiwa imebeba kwaya. Halafu idadi. Niambie kweli, katibu: mlikuwa wangapi? Kosta ya viti 30 ikiwa na watu 38, wengine wamekaa kwenye ndoo kwenye njia ya katikati, hilo ni kosa la usalama barabarani, na askari anayewaambia "mashabiki hamwendi" huenda alikuwa anamaanisha "mkiwa hivi hamwendi." Alipaswa kusema hivyo kwa maneno yanayoeleweka, na kuandika kosa. Mwulize dereva bila kumkaripia: alionyesha karatasi gani, askari alisema nini walipokuwa pembeni? Mazungumzo ya pembeni mara nyingi ndiyo yenye sababu yenyewe.

Hilo linatupeleka kwenye pesa. Ikiwa gari halikuwa na kibali au lilikuwa bovu, mwenye gari ndiye aliyeshindwa kutimiza mkataba, na mnaweza kumdai arudishe. Ikiwa gari lilikuwa safi na safari ikazuiwa na amri ya mamlaka, Sheria ya Mikataba inaichukulia kama safari isiyowezekana tena: hakuna wa kulaumiwa, lakini aliyepokea malipo ya kazi ambayo haikufanyika anapaswa kurudisha manufaa aliyoyapata. Mafuta ya kwenda na kurudi Mingoyo mtakubaliana. Msidai mpaka senti ya mwisho mkapoteza mtu wa kuwakodisha kesho. Na kama mlijazana kwa kutaka wenyewe, sina la kuwafariji. Kaeni na mwenye gari kwanza. Mkishindwana, Mahakama ya Mwanzo inatosha kwa dai la ukubwa huo, wala hamhitaji wakili.

Kwa mechi ijayo, fanyeni kazi yenu mapema. Kwa kawaida siku moja kabla ya mchezo wa ligi hufanyika kikao cha maandalizi: kamishna wa mchezo, viongozi wa timu zote mbili, polisi, meneja wa uwanja, watu wa afya. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha aina hiyo. Ofisa wa polisi aliuliza, "Wageni wanakuja na magari mangapi, wanafika saa ngapi?" Pakawa kimya. Kiongozi wa timu ngeni akainua mabega, kwa sababu matawi hayakumwambia kitu. Ofisa akaandika kwenye karatasi yake neno moja, "haijulikani," na mimi nilijua kesho yake barabara itakuwa ngumu. Askari asiyejua idadi hujiandaa kwa idadi mbaya zaidi anayoweza kuifikiria.

Basi mwandikieni katibu wa timu yenu barua fupi ili ajibu swali hilo kikaoni, na nakala mpelekeeni Mkuu wa Polisi wa Wilaya mnakokwenda, saa 48 au zaidi kabla ya mechi. Andikeni namba za magari, idadi ya watu, jina na simu ya kiongozi wa kila gari, saa ya kufika, na saa ya kuondoka. Msiandike "tunaomba kibali," andikeni "tunatoa taarifa," kisha ombeni mpokeaji agonge muhuri kwenye nakala yenu. Hiyo nakala yenye muhuri ikae na kiongozi wa gari, pamoja na orodha ya majina. Tarumbeta pigeni, ila mkikaribia kizuizi zinyamaze ili dereva asikie anachoambiwa. Pombe isipande garini. Nalisema kwa sababu nimeona safari ikiharibiwa na chupa moja.

Mkisimamishwa tena, ashuke kiongozi peke yake. Aulize kwa upole: "Afande, tumekosea nini? Amri imetoka kwa nani? Tukisubiri mpaka saa ngapi tutaruhusiwa?" Aandike majibu, namba ya askari na saa. Aombe kuzungumza na mkuu wake kwa simu, au na yule ofisa aliyegonga muhuri. Wakishikilia kwamba mgeuze, geuzeni. Mtadai baadaye mkiwa na maandishi mkononi.

Kudai baadaye kuna ngazi. Anzeni kwa barua kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa mlikozuiwa. Malalamiko mengi ya aina hii huishia hapo kwa maelezo au kwa kuombwa radhi. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko bila malipo. Mahakama Kuu, ambayo ina kanda hapa Mtwara, inaweza kuombwa kupitia uamuzi wa chombo cha serikali, na maombi hayo yana ukomo wa miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Ipo pia Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ya mwaka 1994. Kwa safari moja iliyogeuzwa, wakati mna kosta iliyopita na hamna hakika na sababu, nisingewashauri mtumie fedha za tawi kwenda Mahakama Kuu. Ikitokea amri ya jumla, ya kufungia mashabiki wote wa timu yenu msimu mzima bila sababu, hapo ushauri wangu utabadilika, nami nitakuwa tayari kuisoma hiyo amri pamoja nanyi.

Kuna hali ambazo hazisubiri jibu la kusoma. Mwenzenu akishikiliwa kituoni, nendeni siku hiyo hiyo na ndugu yake mmoja na mdhamini mwenye kitambulisho. Sheria inataka aliyekamatwa bila hati apewe dhamana au afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa kwa makosa makubwa. Mtu akipigwa au kuumia, fomu ya PF3 (ile ya polisi ya matibabu) na hospitali vije kabla ya malumbano. Kukiwa na mtoto chini ya miaka 18 aliyeshikwa, tafuteni wakili au msaidizi wa kisheria usiku huo huo. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wasaidizi hao wanasajiliwa, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itawaelekeza walipo.

Kwa suala lenu la sasa, naomba ukae na dereva wa kosta ya kwanza wiki hii, kabla hajasahau. Ukija kuniona, njoo na risiti ya kukodi, orodha ya waliokuwemo kama ipo, na yeye mwenyewe dereva.